Zambia: Chagua Mwezi, Kisha Shuka Garini

Mtu anayetaka kwenda Zambia kuona wanyama huanza kwa kuuliza hifadhi gani ni nzuri. Swali hilo liache kwanza. Uliza mwezi. Nchi ile ina hifadhi za taifa 20, na karibu kila moja ina miezi yake ya neema na miezi yake ya tope. Ukienda tambarare za Busanga mwezi wa Februari, hufiki. Ukienda Kasanka mwezi wa Julai, popo waliokufanya ufunge safari wametawanyika hadi Kongo. Ukienda kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya upande wa Zambia mwishoni mwa Oktoba, utakuta ukuta mrefu wa jabali kavu, na maji yamebaki kule upande wa Zimbabwe. Nauli utakuwa umelipa ileile.

Kalenda yenyewe si ngumu, hasa kwa mtu wa Mbeya, Songwe au Rukwa, maana ni ileile ya kwao: mvua moja ndefu kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi. Hakuna vuli na masika kama ilivyo Pwani au Nairobi. Mei hadi Agosti ni kukavu na kuna baridi. Septemba joto hupanda, na Oktoba ni joto la kumkausha mtu ulimi, kila kiumbe kikitazama mawingu. Anayetaka kuona wanyama wengi kwa mara moja aende Septemba au Oktoba, kwa sababu vidimbwi vya porini vimekauka na kila mwenye kiu hana budi kushuka mtoni. Anayetaka kutembea bila kuteseka aende Juni hadi Agosti. Anayependa ndege, majani mabichi na bei zilizoshuka aende wakati wa mvua, mradi akubali kwamba barabara nyingi za ndani zitakuwa zimefungwa na kambi nyingi za porini hazipo. Hazipo kabisa: kambi kadhaa hujengwa upya kila mwaka kwa miti na nyasi baada ya mafuriko kupungua, na hubomolewa mvua zikikaribia.

Mimi nikilazimishwa kuchagua wiki moja tu, ningechukua ya mwisho wa Agosti. Baridi ya asubuhi imelegea, maji yamepungua kiasi cha kuwakusanya wanyama, na jua la mchana bado halijawa adui.

Kuhusu baridi, niamini. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "kusini mwa Afrika, porini" hufungasha fulana nne na kandambili. Saa 12 asubuhi mwezi wa Juni au Julai, kwenye gari lililo wazi pande zote, upepo wa bonde la Luangwa unapenya hadi kwenye mifupa. Beba sweta nzito, koti la kuzuia upepo na kofia ya kuziba masikio. Ikifika saa 4 utakuwa umevua vyote.

Tembo wa dirishani

Sisi tuliokulia karibu na Mikumi, Serengeti au Tsavo tembo tumemwona. Wengine tumemwona kupitia dirisha la basi la Mbeya, bila kulipa hata senti ya kiingilio. Kwa hiyo kusafiri hadi Zambia ili kumwona tembo yuleyule kupitia dirisha jingine ni kupoteza pesa. Zambia ina kitu kimoja ambacho imekifanya kwa muda mrefu na kwa ustadi kuliko karibu nchi nyingine yoyote barani, nacho ni kukutembeza porini kwa miguu.

Asili yake ni bonde la Luangwa. Mwaka 1950, wakati nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, afisa wa wanyamapori aliyeitwa Norman Carr alikubaliana na Chifu Nsefu wa Wakunda kwamba sehemu ya ardhi ya chifu itengwe kwa ajili ya wanyama, wageni waletwe kuwatazama, na mapato yarudi kwa wananchi. Siku hizo mgeni wa porini alikuwa mwindaji mwenye bunduki, na wazo la mtu kulipa ili atazame tu lilionekana kichekesho. Baadaye Carr akaanza kuwachukua wageni kwa miguu, siku kadhaa mfululizo, kutoka kambi hadi kambi. Waongozaji aliowafunza waliwafunza wengine, na hadi leo mtihani wa kupata leseni ya kuongoza watembeao huko Luangwa Kusini hauchezewi. Leseni ya kuongoza watu ndani ya gari ni moja, ya kuwatembeza ni nyingine, na ya pili hupatikana kwa jasho.

Matembezi huanza alfajiri. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki anatangulia, mwongozaji anamfuata, kisha wageni kwa mstari mmoja, na nyuma kabisa, kwenye kambi nyingi, anakuja mbeba chai. Kikundi huwa kidogo, aghalabu watu sita au saba kwa wingi. Hakuna kuzungumza ovyo. Mwongozaji akiinua mkono, kila mtu anasimama pale alipo. Ukiwa na jambo, piga mluzi mdogo au gonga vidole. Na sheria inayozizidi zote: usikimbie, hata roho ikikuambia kimbia, kwa sababu kukimbia ndiko kunakomwambia simba kwamba wewe ni kitoweo.

Usitegemee kuhesabu wanyama. Kwa saa tatu au nne utakwenda kilomita chache tu, na pengine utaona swala pala, pundamilia, twiga mmoja anayekutazama toka mbali, na basi. Utakachopata ni kusoma ardhi. Mwongozaji atakuonyesha njia ya kiboko: mifereji miwili inayokwenda sambamba na tuta dogo katikati, kwa sababu miguu yake iko mbalimbali na tumbo linapita juu ya tuta hilo. Atakuonyesha kinyesi cha fisi kilichokuwa cheupe kama chokaa, kwa ajili ya mifupa anayotafuna. Atapondaponda jani la mopane, lililogawanyika katikati kwa vipande viwili, alipitishe puani mwako upate harufu yake kali ya tapentaini. Kisha atachukua vumbi kidogo, alidondoshe, aangalie linapepea kwenda wapi. Kama upepo unatoka kwenu kuelekea kwenye kichaka chenye nyati, mtazunguka mbali, na hapo utaelewa kwamba tangu asubuhi safari yote imekuwa ikiongozwa na upepo.

Kabla ya kulipia, uliza maswali manne. Je, askari mwenye silaha yupo? Mwongozaji ana leseni ya kutembeza, au ya gari tu? Kikundi ni cha watu wangapi? Na watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani? Kambi nyingi hazikubali aliye chini ya miaka 12, wala usiwabembeleze. Mwenye kambi akijibu kwa kusitasita, tafuta mwingine.

Luangwa Kusini ndipo pa kuanzia

Hifadhi ya Luangwa Kusini ina kilomita za mraba 9,050 na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1972. Mto wake haujawekewa bwawa kubwa la kuuzuia, kwa hiyo kila mvua unafurika, unakula kingo, unahama njia, na kuacha nyuma vidimbwi virefu vilivyopinda. Kiangazi kikikolea viboko hujazana kwenye maji yaliyobaki, wamelaliana migongoni, wakigombana usiku kucha. Ukilala karibu na mto, vizibo vya masikio si anasa.

Kituo chako ni Mfuwe, mji mdogo uliopo nje ya geti kuu. Geti lenyewe liko kwenye daraja juu ya mto, na mara nyingi mnyama wako wa kwanza utamwona hapo darajani kabla hujaonyesha risiti. Milango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni kwa mwenye gari lake. Yanayobaki baada ya hapo ni magari ya waongozaji wenye kibali, na hili ni jambo la pili la kulipia ukipata uwezo: safari ya usiku. Luangwa ina chui wengi, na chui ni mnyama wa giza. Msaidizi anakaa mbele na kurunzi kali akiyamulika majani pole pole kulia na kushoto, akitafuta macho yanayong'aa. Mtazame anavyoitumia taa hiyo. Akiiondoa upesi kwa swala ili asimtie upofu mbele ya chui anayemnyemelea, umepata mtu anayejua kazi. Akiwaweka wanyama kwenye mwanga ili tu mpige picha, mwambie kwa heshima aondoe.

Twiga wa Luangwa, ambao wataalamu huwaita wa Thornicroft, hawapo porini mahali pengine popote duniani. Ni jamaa wa karibu wa twiga wetu wa Kimasai, na ukiwa na haraka hutaona tofauti. Nyumbu wa Cookson naye ni wa bonde hili peke yake. Usitafute faru. Majangili waliwamaliza, na mwaka 1998 faru weusi walitangazwa kuwa wametoweka nchini Zambia. Kuanzia 2003 walirudishwa wachache Luangwa Kaskazini, wanakolindwa vikali, na hifadhi hiyo ni ya wachache: haina barabara nyingi, na karibu kila kitu ndani yake hufanywa kwa miguu. Iwekee akiba safari ya pili.

Juu ya malazi, ukweli ni kwamba kambi za ndani ya hifadhi ni za bei ya kutisha, dola mamia kwa mtu kwa usiku mmoja. Lakini kando ya mto, nje ya geti, zipo kambi zenye viwanja vya mahema na vibanda vya bei ya kawaida, na kutoka hapo unalipia safari moja moja ya gari au ya miguu. Wanyama hawajui mpaka ulipo. Tembo huvuka mto jioni, hupita katikati ya mahema, na asubuhi unakuta nyayo zake hatua tatu kutoka ulipolaza kichwa. Kwa hiyo usiache tunda lolote ndani ya gari wala ndani ya hema. Machungwa na maembe ndiyo mabaya zaidi. Tembo anayanusa hata yakiwa yamefungiwa, na mlango wa gari kwake si kizuizi. Mapokezini watakuuliza kama una matunda, nao watayahifadhi wao. Usione haya kuyatoa. Usiku ukitaka kwenda msalani piga tochi kwanza pande zote, na kama kambi ina mlinzi wa kusindikiza, msubiri. Kiboko anayechunga majani gizani, ukisimama kati yake na maji, ni hatari kuliko simba.

Ipo nyumba moja ya wageni ndani ya hifadhi, Mfuwe Lodge, iliyojengwa karibu na mwembe mwitu. Matunda yakiiva, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, familia ya tembo hupanda ngazi, hukatiza ukumbi wa mapokezi na kutokea upande wa pili kwenye mti wao. Wageni husimama nyuma ya kaunta kimya. Huna haja ya kulala pale kuamini.

Novemba ni ya popo

Wakati watalii wengi wameshaondoka na mvua za kwanza zimeanza kugonga, Kasanka ndipo inaamka. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba zipatazo 390 tu, katika mkoa wa Kati, si mbali na Serenje. Kuanzia katikati ya Oktoba popo wala matunda wa rangi ya majani makavu humiminika kwenye kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, na kufikia Novemba hukadiriwa kuwa mamilioni, wengine husema hadi milioni 10. Huning'inia mchana kutwa kwa mashada, hata matawi hukatika kwa uzito wao. Wanaoanguka huliwa na mamba na chatu, huku tai wakivizia juu.

Unapanda kwenye jukwaa la mbao juu ya mti kabla ya jua kuzama na kukaa kimya. Kwanza anaruka mmoja, kisha kumi, kisha mbingu inajaa. Kila mmoja akinyoosha mabawa ana zaidi ya nusu mita. Kwa muda wa nusu saa hivi wanapita juu yako kwenda kutafuta matunda ya porini, na alfajiri wanarudi. Nenda nyakati zote mbili, jioni na alfajiri, maana alfajiri mwanga ni mzuri zaidi na watu ni wachache. Asubuhi hiyohiyo, ukungu ukiwa bado juu ya matete, chungulia kinamasini umtafute nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu ambaye kwingineko ni shida kumwona.

Usiondoke eneo hili bila kwenda Chitambo. Hapo ndipo David Livingstone alipofariki Mei 1873, na moyo wake ukazikwa chini ya mti uitwao mpundu. Leo pana mnara wa kumbukumbu. Kwa mtu wa Pwani habari kubwa si huyo Mskoti bali waliombeba. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikausha maiti juani, wakaifunga, wakaibeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wengi tumeshasimama kwenye kanisa la kale la Bagamoyo tukaonyeshwa mahali mwili ulipolazwa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ukisimama Chitambo na kukumbuka umbali huo, na ukakumbuka jinsi ulivyolalamikia kiti cha basi, utanyamaza.

Kaskazini ya hapo kuna vinamasi vya Bangweulu, makao ya korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Huyo hatafutwi Novemba. Mtafute mvua zikiisha, Mei hadi Julai, kwa mtumbwi na kwa miguu juu ya majani yanayoelea, ukiwa na mwenyeji. Usiende na viatu unavyovipenda.

Nyingine, kwa haraka

Kafue ni kubwa kuliko zote, kilomita za mraba 22,400, imeizidi hata Ruaha. Barabara kuu ya Lusaka kwenda Mongu inaikata katikati, kwa hiyo inafikika kwa urahisi, ila ukubwa wenyewe unadanganya: wanyama wametawanyika na ndorobo ni wengi wasiojua huruma. Thamani yake iko Busanga, kaskazini, tambarare inayofunguka maji yakikauka kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba. Huko simba hupanda miti kama wale wa Manyara, na utawaona sheshe, swala tuliyezoea kumhusisha na bonde la Kilombero. Kama huna pesa za kufika Busanga, mimi ningeiacha Kafue.

Zambezi ya Chini iko karibu na Lusaka kuliko unavyodhani: hadi Chirundu ni karibu kilomita 140, ndipo barabara mbovu inaanza. Ng'ambo ya mto ni Mana Pools ya Zimbabwe. Usitafute twiga hapa, hawapo. Kilichopo ni mto wenyewe na mtumbwi. Mwongozaji hupita karibu na ukingo, kwenye kina kifupi, na kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili viboko waibuke na ajue walipo. Kanuni ni kumwachia kiboko njia ya kwenda kwenye kina kirefu, anakokimbilia akishtuka. Ukingoni kuna migunga ya ajabu inayopukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, na maganda yake yanapoanguka tembo husimama kwa miguu ya nyuma kuyafuata yaliyobaki juu. Aliyewahi kupiga kasia mbele ya tembo wa namna hiyo hulisahau gari.

Mosi-oa-Tunya, mjini Livingstone, ni hifadhi ya kilomita za mraba 66 tu, ila ndani yake una maporomoko yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Machi hadi Mei maji ni mengi hadi huoni kitu, unaloana tu na kusikia ngurumo. Funga simu kwenye mfuko wa nailoni. Juni na Julai unaona na unaloana kidogo, na ndiyo miezi ya kumpeleka mzazi. Mwezi ukiwa mpevu na maji mengi, hufungua usiku ili watu waone upinde wa mvua wa mbalamwezi. Ndani ya hifadhi hiyo kuna faru weupe wanaolindwa usiku na mchana, na unaweza kuwasogelea kwa miguu pamoja na askari wao. Hii ni safari ya miguu ya saa chache tu.

Magharibi kabisa, Liuwa, uwanda uliowekwa chini ya ulinzi na mfalme Lewanika wa Walozi zamani za karne ya 19, una msafara mkubwa wa nyumbu unaopamba moto Novemba. Wenye kuiona Serengeti wana haki ya kuuliza kwa nini wahangaike. Jibu ni kwamba huenda mkawa gari moja peke yenu.

Kufika

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza ya Zambia. Wenye pasipoti nyingine waulize ubalozi, kwani kanuni hubadilika. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usiiache nyumbani ukidhani hawataiangalia. Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo taratibu zote za kutoka na kuingia unazimaliza upande unaoelekea. Badilisha pesa benki au dirishani, si kwa vijana wanaokukimbilia na vibunda vya kwacha mkononi. Na rudisha saa yako nyuma: saa 2 asubuhi ya Tunduma ni saa 1 ya Nakonde. Watu hukosa mabasi kwa jambo hili.

Kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka kwa barabara ni karibu kilomita 2,000. Mabasi yapo, na ni mateso ya heshima. Treni ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita katikati ya pori la Nyerere na kuendelea hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ikisimama Mpika na Serenje. Kwa anayekwenda Kasanka hakuna njia yenye mantiki zaidi. Ila huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kuanza tena, kwa hiyo uliza kituoni kwanza, na usipange jambo la lazima siku unayotarajia kufika.

Kwenda Mfuwe, toka Lusaka kwa basi la alfajiri hadi Chipata, kilomita kama 570, kisha teksi au gari dogo kwa lami hadi Mfuwe. Pana pia ndege kutoka Lusaka. Njia ya kutoka Mpika kushuka kingo za Muchinga ipo, lakini ni ya kiangazi, ya gari lenye nguvu magurudumu yote manne, na ya dereva asiye na papara. Mwenye gari lake asisahau bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inaitambua.

Usifunge safari ya hifadhi nne kwa siku saba. Masafa ni marefu na utakachokiona ni lami. Hifadhi moja, usiku nne au tano, na angalau asubuhi mbili za kutembea: hiyo ni safari.

Mkobani na mdomoni

Nguo za kahawia au kijani kilichopauka. Acha nyumbani za bluu na nyeusi, maana ndizo rangi wanazotumia hata kutengenezea mitego ya ndorobo, nao watakufuata wewe. Acha pia nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi; Zambia raia haruhusiwi kuivaa, na askari barabarani hawatanii. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Kuhusu dawa za kujikinga na malaria, zungumza na daktari kabla ya kuondoka, kwani mabonde ya Luangwa na Zambezi ni ya joto na mbu ni wengi. Darubini, hata ya bei ndogo, ina faida kuliko kamera kubwa.

Upande wa mashariki husemwa Kinyanja, na "muli bwanji" yako itakufungulia milango. Mjibu "zikomo" aliyekusaidia. Salimia kabla ya kuuliza, kama nyumbani. Chakula hakitakusumbua: nshima ni ugali, na kapenta ni dagaa.

Wanakijiji wa Mfuwe wanaishi na tembo wanaokula mahindi yao, na wengi hupambana nao kwa moshi na pilipili. Nunua vitu vyao. Madukani tafuta asali na siagi ya karanga ya COMACO, mpango unaowanunulia mazao wakulima wa bonde, wakiwemo waliokuwa majangili, kwa masharti ya kuacha mitego. Mwongozaji na askari wape bakshishi mwisho wa safari, kila mmoja mkononi mwake, askari asisahauliwe kwa kuwa hakusema sana.

Raia wa nchi za SADC, Watanzania wakiwemo, waulize kiwango chao cha kiingilio getini na wawe na pasipoti mkononi. Ukinyamaza unaweza kutozwa cha mgeni wa mbali. Na kama ni popo wa Novemba unaowataka, andika kwa wenye kambi miezi sita kabla. Majukwaa ya juu ya miti ni machache, na hayaongezwi kwa sababu umechelewa.